Mwavuli wa Mheshimiwa

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa kikosi ameniambia niandike. "Kila siku, hata mstari mmoja," kasema, akanipa na daftari lenyewe, la jalada la bluu, kama naanza darasa la kwanza. Nikamwambia miaka kumi na miwili nimelinda wakubwa na sijawahi kuandika kitu ila ripoti. Akasema basi andika ripoti, ila hii usimpelekee mtu.

Haya, ripoti. Mvua za msimu zimeanza leo saa tisa alasiri. Nimetoka kliniki kwa miguu, nimelowa hadi soksi. Mama alinipokea mlangoni: "Mwavuli si huo umening'inia hapo? Wewe una akili gani?" Nikampita nikaenda kubadilisha nguo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimelowa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata kibarua cha kihoja. Wanatengeneza tamthilia ya televisheni kuhusu mlinzi wa waziri mwenye mambo yake kichwani: hapati usingizi, mlango ukibamizwa anaruka, anagombana na kila mtu hadi paka. Wanataka mtu wa kuwafundisha waigizaji kusimama, kutembea, kuingia garini. Aliyenipendekeza ni Katibu wa Mheshimiwa, waziri ninayemlinda. "Uko likizo, utakaa nyumbani ufanye nini? Nenda kawaonyeshe watu kazi ya kishujaa," aliniambia kwenye simu.

Shujaa! Asubuhi hiyohiyo upepo ulibamiza mlango wa jikoni nikajikuta chini ya meza na mwiko mkononi. Mama alicheka, kisha akaacha kucheka, akaja kukaa sakafuni pembeni yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Mazoezi yanafanyika kwenye ghala lililokuwa la magodoro. Bati linavuja sehemu tatu, na chini ya kila tundu wameweka ndoo. Mwongozaji ni mwanamke mfupi, sauti yake inatosha watu wanne. Mwigizaji mkuu ni yule kijana mtanashati wa matangazo ya sabuni. Aliingia na kikombe cha kahawa, akafanya mazoezi na kikombe, akampokea "waziri" mlangoni na kikombe.

"Weka chini," nikamwambia.

"Dada, kinanisaidia. Bila kitu mkononi najiona kama nimesahau kuvaa suruali."

Nikakichukua nikakimwaga kwenye ndoo. Nikawaambia: mlinzi hashiki kitu. Habebi mkoba wa bosi, hashiki simu, hashiki shada la maua hata angepewa na rais. Akikaribishwa chai anakunywa akiwa nje ya zamu. Sisi chuoni tulitembezwa wiki nzima na mikono mbele ya kifua, na ukikutwa umeshika hata kalamu unakimbizwa uwanja mzima. Mikono mitupu ndiyo silaha, bastola inafuata baadaye.

Kufika jioni nilikuwa nimepiga kelele "Mikono!" mara mia. Wameshaanza kuniita Dada Mikono. Mimi huyo kijana nimempa jina la Bwana Kikombe. Bure kabisa, mtu wa kioo tu.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kwa Kobe.

Kobe ni mwenzangu wa zamu, miaka tisa sasa. Tulimpa jina hilo kwa usemaji wake: neno, pumziko, neno la pili, wewe umeshamaliza chai. Miguuni hakuwa kobe hata kidogo. Sasa analala sebuleni kwenye kochi, nyonga imeshikwa na vyuma vya muda. Daktari anataka upasuaji wa pili kabla Mei haijaisha, la sivyo mfupa utaunga upande na hatatembea sawasawa maisha yake yote. Hospitali ya kikosi humtibu kila aliyeumia kazini. Lakini ripoti inasema Kobe hakuumia kazini. Inasema aliacha nafasi yake akakimbia. Kamati ya nidhamu inakaa tarehe 6 Mei, na ikiipitisha ripoti hiyo, upasuaji hakuna.

Mkewe, wifi yangu, kwa maana Kobe ni kaka yangu wa hiari, alinikaribisha vizuri kama siku zote. Jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtaani wanamwita Mbio. Mtu hawezi kufika chooni peke yake, wanamwita Mbio." Nikamshika bega.

Naandika sasa, maana nisipoandika leo sitaandika tena.

Ilikuwa Januari, mvua ya ghafla. Mheshimiwa alishuka garini mbele ya ngazi za wizara, nywele zimetengenezwa asubuhi hiyo kwa ajili ya kamera za televisheni. Mwavuli ni kazi ya dereva, lakini dereva alikuwa ametumwa saluni kufuata hereni iliyosahaulika huko. Mheshimiwa akanisukumia mwavuli. "Nishikie, nywele zangu." Nikashika. Mkono wa kulia, mkono wa bastola. Nilijua nisishike, na nikashika, kwa sababu ni Mheshimiwa na kwa sababu ni ngazi kumi na nne tu.

Kwenye ngazi ya tisa mtu mmoja akatokea upande wangu na bastola. Kobe alikuwa upande wa pili. Aliutazama mkono wangu. Akaacha nafasi yake, akapita mbele ya Mheshimiwa, akasimama pale nilipopaswa kusimama mimi. Risasi mbili: moja ukutani, moja kwake. Askari wa getini ndio waliomkamata mtu yule. Mimi nilikuwa bado nimeshika mwavuli. Mheshimiwa hakulowa hata unywele.

Hospitalini Katibu alinifuata na karatasi. Mwenzako aliondoka kwenye nafasi yake, ndiyo au siyo? Ndiyo. Wewe ulibaki na Mheshimiwa? Ndiyo. Weka sahihi hapa. Nikaweka. Mwavuli hakuuliza. Kamera za ngazini, tukaambiwa, zilikuwa mbovu wiki hiyo. Kila neno kwenye ile karatasi ni la kweli, na karatasi nzima ni uongo, na jina langu liko chini yake.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Mama ameusogeza mwavuli karibu na viatu vyangu. Nimeuruka.

Jumatano, 27 Machi

Bwana Kikombe amemaliza saa nzima bila kushika kitu. Amejikuna tu. Kisha akaniuliza kama walinzi huwa wanaogopa. Nikamwambia afuate mswada.

Jumatano, 3 Aprili

Leo wamegawa mswada wa sehemu ya saba. Nimeusoma nimesimama, nikaurudia nimekaa.

Ni ngazi za wizara. Ni mvua, ni risasi mbili. Mlinzi mkuu anamkumbatia waziri kishujaa, na mlinzi wa pili anageuka, anatupa redio yake na kutimua mbio kama kuku. Hakuna mwavuli. Mwongozaji akasema kwa furaha kwamba ofisi ya Mheshimiwa imewapa ripoti yenyewe waisome, na imewaruhusu kupiga picha kwenye ngazi zilezile, mradi Katibu aone kila ukurasa kabla.

Sasa nimeelewa kwa nini nilipendekezwa. Uchaguzi uko mlangoni. Kamati itasema Kobe alikimbia, halafu nchi nzima itamwona akikimbia, sebuleni kwao, na jina langu litapita mwishoni kama mshauri.

Na kazi yangu ya wiki ijayo ni kumfundisha mwigizaji kukimbia vizuri.

Jumanne, 9 Aprili

Tumechora ngazi kwa chaki sakafuni, nafasi zote kama ripoti inavyosema. Tukafanya mara ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Haikai. Mwigizaji wa pili akikimbia kwa uelekeo wake, anaangukia mbali. Ripoti inasema alianguka upande wa kulia wa waziri, ngazi ya tisa.

Bwana Kikombe akasimama katikati ya chaki, mikono mitupu, akaanza kuhesabu hatua.

"Dada, hebu. Huyu yuko kushoto. Bastola iko kulia. Anakimbia hatari kwa kuifuata?"

"Alichanganyikiwa," nikasema.

"Na ripoti inasema risasi iliingilia mbele ya nyonga. Mtu anayekimbia si anapigwa mgongoni?" Akaja hadi nafasi yangu, akasimama juu ya alama yangu ya chaki. "Huyu mlinzi wa hapa ndiye aliyekuwa karibu na yule mtu. Kwa nini hakutoa bastola? Alikuwa na nini mkononi?"

Maji yanadondoka kwenye ndoo. Mwezi mzima nimempigia kelele ya mikono, na amejifunza somo kuliko nilivyotaka. Nikatoka. Nimetembea kwenye mvua hadi nyumbani. Mtu wa matangazo ya sabuni ameona kwa dakika kumi kile ambacho wakubwa wangu wamefumba macho miezi mitatu wasikione.

Jumatano, 10 Aprili

Sikwenda kazini.

Jumapili, 14 Aprili

Nilikwenda kwa Kobe nimepania.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," akajibu. Pumziko. "Waliniuliza kama niliondoka. Niliondoka."

"Na mwavuli?"

Akatazama dirisha. Nikangoja. Kwa Kobe unangoja.

"Ningesema mwavuli... wangetufukuza wote wawili. Mmoja... arudi kazini."

Nilimfokea mgonjwa, Mungu anisamehe. Nilimwambia nani alimpa ruhusa, nilimwambia sihitaji sadaka ya mguu wa mtu. Na hapo nikasikia sahani ikiwekwa mezani polepole. Wifi alikuwa mlangoni. Hakuwa anajua. Kobe hakumwambia hata yeye.

"Mwavuli gani?" akauliza.

Nikamweleza yote, hadi hereni. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Miezi mitatu unakuja hapa," akasema. "Unakula chakula changu. Unaniita wifi. Nakulilia jikoni kwamba wanamwita Mbio, na wewe unanishika bega." Akafungua mlango. "Toka nyumbani kwangu."

Nimetoka. Ana haki, na ningekuwa yeye ningetupa na viatu. Naona aibu hadi kwenye mifupa. Lakini nikiwa njiani, mvua inanipiga usoni, kitu kimekaa sawa ndani yangu kwa mara ya kwanza tangu Januari. Sitaki kurudi kazini kwa bei hiyo. Sitaki, na hakuna wa kunilazimisha.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemweleza mwongozaji ukweli wote. Alisikiliza na kalamu mdomoni.

"Ni hadithi nzuri kuliko yangu," akasema. "Lakini Katibu anasoma kila ukurasa. Nikiweka mwavuli nakosa ngazi, nakosa kibali, pengine nakosa na tamthilia."

"Basi tafuta mtu mwingine wa kuwafundisha kukimbia."

"Usinifanyie hivyo, dada."

"Nimeshakufanyia."

Nikachukua koti langu. Mlangoni Bwana Kikombe akanikimbilia na kahawa, akaniwekea kikombe mkononi. "Umetoka zamu," akasema, "kunywa." Nimekunywa nimesimama palepale chini ya bati. Nilimkosea huyu kijana.

Ijumaa, 26 Aprili

Katibu amenialika ofisini kwake. Zulia nene, miwani ya dhahabu, sauti ya asali. Ananiita "binti yangu", ingawa tumezidiana miaka minne tu. Nasikia una mawazo, akasema. Ni kawaida kwa mtu aliyepitia mazito. Kisha akatelezesha barua juu ya meza: mkuu wa zamu, kuanzia Juni, na nishani.

"Tarehe sita utathibitisha maelezo yako. Dakika tano tu."

"Na Kobe?"

"Yule alishaamua mwenyewe kunyamaza. Wewe una uchungu gani kuliko mwenye nyonga?"

Nikaweka mikono mbele ya kifua kama tulivyofundishwa, na barua ikabaki pale mezani. "Sishiki kitu," nikamwambia, "niko zamu."

Nikatoka.

Jumapili, 5 Mei

Kesho kamati. Mama amepiga pasi sare yangu mara mbili. Nilipomwambia huenda ndiyo mara ya mwisho kuivaa, akasema, "Basi angalau isiwe na mikunjo."

Jumatatu, 6 Mei

Niandike kwa utaratibu, maana hii kweli ni ripoti.

Nilifika nimelowa. Kwenye benchi la ukumbini alikaa wifi, mkoba mapajani. Sikumwita wifi, naye hakunisalimu. Tulikaa benchi moja, nafasi ya mtu mmoja katikati, hadi nilipoitwa.

Ndani, watu watano nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti ni mzee wa kikosi, alilinda viongozi kabla mimi sijamaliza shule. Katibu amekaa ukutani kama mgeni tu. Mwenyekiti akasoma maelezo yangu, akauliza kama nayathibitisha.

"Hapana," nikasema.

Katibu akakohoa. Mwenyekiti akasema maelezo yana sahihi yangu. Nikajibu, sahihi ni yangu, na kosa ni langu, na nimekuja kuyaondoa yote mawili. Nikaeleza. Dereva, hereni, nywele, ngazi ya tisa. Mmoja wa wajumbe akanikata: huo mwavuli hauko kwenye ripoti, picha za kamera hazipo, tutaaminije?

Kwenye pembe ya chumba palikuwa na mwavuli wa mtu, umeegeshwa unachuruzika. Nikaunyooshea kidole. Mimi mwenyewe sikuugusa.

"Mzee, naomba uushike ule. Mkono wa kulia, juu ya kichwa cha mjumbe. Sasa nionyeshe unavyotoa bastola."

Nilidhani atanifukuza. Akainuka, akauchukua, akaufungua humohumo chumbani, akasimama nao juu ya kichwa cha mjumbe aliyenikata. Mkono wake wa kushoto ukaenda kiunoni upande wa kulia, ukatapatapa, ukakwama kwenye koti. Akajaribu tena. Mzee aliyefanya kazi hii miaka thelathini, mkono umekwama kwenye koti. Maji yakamdondokea mjumbe shingoni na hakuna aliyecheka.

"Sasa wewe uko kushoto," nikasema, "unaona mwenzako yuko hivyo, na mtu anakuja. Ungefanya nini?"

Mzee aliukunja mwavuli taratibu, akaketi. Akaomba picha ya eksirei ya Kobe. Akaiinua kwenye mwanga, akaifuata kwa kidole. "Imeingilia mbele," akasema, akiongea na meza zaidi kuliko na sisi.

Katibu akasimama kusema kwamba Mheshimiwa atahuzunika sana. Mwenyekiti akamwambia yeye si mjumbe, akae au atoke.

Kisha akanigeukia mimi. "Unajua wewe ulivunja sheria ya kwanza. Na ulitia sahihi."

"Najua, mzee. Andika hivyo hivyo. Ila andika kwamba yeye hakukimbia."

Nilipotoka, wifi alikuwa amesimama karibu sana na mlango. Mlango wenyewe mwepesi. Macho yake mekundu. Nikampita, nikatoka nje.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Hakuna barua.

Jumatatu, 13 Mei

Barua mbili, moja kwangu, moja kwa Kobe. Yangu ina mistari minne: nimeondolewa kazini kwa kukiuka taratibu na kutoa maelezo pungufu. Sare nirudishe kabla ya Ijumaa.

Ya Kobe nimesomewa kwenye simu, na yeye mwenyewe, kwa mwendo wake, nikadhani nitazimia kabla hajafika kwenye kitenzi. Aliumia akiwa kazini. Upasuaji tarehe 21.

Nimelia jikoni kwa sauti. Mama alidhani ni kwa ajili ya kazi, akaanza kuwatukana wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo. Nilimwacha amalize, alikuwa anafanya vizuri.

Alhamisi, 16 Mei

Bwana Kikombe aligoma kuigiza sehemu ya saba kama ilivyoandikwa, na mwongozaji akachoka kuogopa. Katibu amefuta kibali cha ngazi za wizara. Wamepiga picha kwenye ngazi za shule iliyofungwa kwa likizo, na wameniita niangalie. Mwavuli upo, mwekundu, unaonekana hadi barabarani. Walipofika ngazi ya tisa nilifumba macho, kisha nikayafungua. Mwigizaji wa pili alivuka mbele ya waziri bila kusita hata kidogo. Mwongozaji akapiga kelele "Kata!" halafu akanigeukia: "Ndivyo?"

"Kobe alikuwa na kasi zaidi," nikamwambia. Wakarudia.

Jumanne, 21 Mei

Kobe amekaa saa nne na nusu kwenye meza ya upasuaji. Ametoka salama. Anaomba chai.

Ijumaa, 31 Mei

Kobe ametoka hospitali leo. Nilikwenda nikakaa ng'ambo ya barabara, maana sikujua kama naruhusiwa kusogea. Mvua ya mwisho mwisho, nyepesi, lakini inalowesha. Wakatokea mlangoni: yeye na magongo mawili, anapima kila hatua, na wifi pembeni na mabegi mawili na mto. Gari walilokodi liko mbali, getini. Mvua ikaongezeka. Wifi akatazama huku na huku, akaniona.

Akaniita kwa kichwa. Nikavuka.

Hakunisalimu. Aliweka begi moja chini, akachomoa mwavuli uliobanwa kwapani, akanisukumia. "Shika, wifi. Analowa."

Nikaushika. Mkono wa kulia. Ulifunguka kwa kishindo, na sikuruka. Nikauinua juu ya kichwa cha Kobe, tukaanza kushuka, ngazi moja, gongo, gongo, ngazi ya pili. Kwenye ngazi ya tatu akasimama, akautazama mkono wangu kwa pembe ya jicho, vilevile kama siku ile.

"Mikono," akasema.

"Nimefukuzwa kazi," nikamwambia. "Nashika ninachotaka."

Akacheka, polepole, kama anavyofanya kila kitu, na tukaendelea kushuka hadi garini. Mimi nimelowa bega zima la kushoto. Yeye hakulowa.